Matengenezo Kidogo Tu

Nakivale, Jumatano, jua likishuka

Mwanangu Sifa,

Umeenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na najua hutarudi upesi, kwa sababu kila nyumba itakukalisha na kukupa kitu cha kula. Nimetoa kiti nje, nimeweka daftari gotini, nakuandikia huku nikilitazama ziwa. Viboko bado wako majini. Ukungu mwembamba umeanza kujilaza juu ya mafunjo, na mitumbwi ya wavuvi inaonekana kama inaelea hewani. Saa kama hii huwa sijui vizuri kama natazama ziwa la hapa au lile letu la zamani.

Mambo ya nauli, ya blanketi, ya kitambulisho kukaa mfuko wa ndani, mama yako amekwisha kuyasema tangu juzi. Siyarudii. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka ishirini na mitatu. Nimejaribu kulisema kwa mdomo tangu Jumapili, nikashindwa. Kwa hiyo naliandika, nawe utalisoma kesho ndani ya basi, ukishapita Biharwe, wakati huwezi tena kunitazama usoni.

Nianze na Jumapili yenyewe. Tulitoka misa, tukakaa hapa barazani, wewe, mama yako, Mjomba Bahati na mimi. Ukatoa simu, ukatuonyesha picha za ile mashua, katamarani, iliyoko karibu na Entebbe, ambayo wewe na mwenzako Atuhaire mnataka kuinunua. Nyeupe, ya faiba, miili miwili imelala juu ya maji kama watu wawili wanaolala kitanda kimoja bila kugusana. Mama yako aligusa kioo cha simu kwa ncha ya kidole akauliza kama watu kweli wanapika humo ndani. Ukamwonyesha jiko, na vitanda vinne, na dirisha dogo la mviringo juu ya kila kitanda. Mjomba Bahati akataka kuona mlingoti. Ukatueleza jinsi mtakavyokaa humo humo, mkiwapeleka wageni kutoka kisiwa hadi kisiwa, Atuhaire kwenye usukani kwa sababu amefanya kazi hiyo miaka minne na ana kibali, na wewe fundi wa chombo. Sauti yako ilikuwa imebadilika. Ulikuwa unaongea taratibu, kama mtu anayesimulia mahali alipokwisha kuishi.

Kisha ukafungua daftari ukatusomea bajeti. Uliipanga vizuri kuliko nilivyowahi kupanga kitu chochote. Bei ya mwenye chombo, karatasi za usajili, kamba mpya, mafuta ya mota mbili kwa mwezi wa kwanza, pesa ya kuegesha. Bei peke yake ilimeza karibu yote, akiba yako ya miaka mitano na pesa ya Atuhaire aliyoipata kwa kuuza ng'ombe alioachiwa na babu yake. Mwisho ukafika kwenye mstari wa matengenezo. Pesa uliyoiweka hapo haitoshi kununua mbuzi wawili. Ukasema, mwenye chombo ameniandikia kwamba haihitaji kazi kubwa. Matengenezo kidogo tu.

Niliposikia maneno hayo nilisimama nikaenda shambani. Siku ya Jumapili, na viatu vya kanisani. Nilisikia ukiniita nyuma, "Baba, mbona husemi kitu?" Sikugeuka. Nilikaa kati ya mahindi mpaka ulipoanza kuosha vyombo. Mama yako ameniambia baadaye kwamba ulilia, kwamba unadhani baba yako hataki uende, au hapendi mtoto wa mkimbizi kuota ndoto kubwa kiasi hicho. Sivyo, mwanangu. Niliondoka kwa sababu nilikuwa nimeyasikia maneno yale yale mimi mwenyewe, nikiwa na umri karibu na wako, kutoka kwa mtu aliyekuwa amenikaangia samaki.

Hukumbuki Baraka, mji wetu kando ya lile ziwa la zamani. Unasema unakumbuka harufu ya mawese na ukuta wa bluu, labda ni kweli, labda ni sisi tuliokueleza. Nilikuwa mfanyabiashara mdogo. Nilinunua mafuta ya mawese vijijini, nikayajaza kwenye madumu, tuliyoyaita bidoni, nikawalipa wenye mitumbwi wanisafirishie hadi Uvira. Kila safari niliketi juu ya bidoni zangu katika chombo cha mtu mwingine, nikitazama milima inavyopita, nikiwaza siku nitakayokaa katika chombo changu. Sikutaka mtumbwi wa kawaida. Nilitaka katamara, kama wengine walivyokuwa nazo pale ziwani, mitumbwi miwili mikubwa ya mbao iliyoshikanishwa kwa miti mitatu minene ya kukingama, na juu yake sakafu ya mbao ambapo mtu anaweza kutandika mkeka. Nilikuwa naiona ninapofumba macho. Nilijua hata mkeka wenyewe ni wa rangi gani.

Miaka mitatu mama yako na mimi tuliweka akiba. Alikuwa amekubeba tumboni tulipoambiwa kwamba mzee mmoja wa Uvira, Mzee Kashindi, anauza ya kwake. Usiku ule, mama yako alizigawa pesa mafungu matatu juu ya kitanda. Mawili akayasukuma upande wangu. La tatu akaliwekea mkono.

"Hii ni ya kutengeneza," akasema. "Na mbele ya kulipa, uivute inje ya maji, uitazame fasi ya chini. Uende na fundi."

Nilimwambia sawa. Asubuhi nikaondoka peke yangu na mafungu yote matatu.

Kwa nini peke yangu? Nimejiuliza sana. Fundi niliyemjua alikuwa mtu wa maneno mengi, angepata kasoro hata kwenye kitu kipya, na mimi sikutaka kusikia kasoro. Nilikuwa nimekwisha kuinunua kichwani. Nilipofika Uvira niliikuta imepakwa bluu, imefungwa kwenye nguzo, inapanda na kushuka polepole na mawimbi, na moyo wangu ukaanza kwenda nayo. Mzee Kashindi alinikaribisha kwa heshima, akaagiza nikaangiwe samaki, akanisifu kuwa kijana mwenye bidii. Nilitaka kumwomba aitoe majini. Ila pale palikuwa na watu kama kumi wamekaa wanatutazama, na kuitoa majini kungewahitaji wote, na niliona haya. Nilidhani wataniona maskini anayeogopa. Nikauliza tu kama ina shida yoyote.

"Matengenezo kidogo tu," mzee akasema. "Misumari na rangi."

Bei yake ilikuwa mafungu yote matatu. Nilimlipa tukiwa bado tunanawa mikono.

Nyumbani nilimwambia mama yako kwamba fungu la tatu lipo, nimelihifadhi kwa rafiki Uvira lisije likaibiwa. Huo ndio uongo wa kwanza. Ulikuwa mwepesi sana kuusema.

Lazima nikwambie pia kwamba miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Nisingekuwa mkweli kama ningekuficha hilo. Bahati, mdogo wa mama yako, ndiye alikuwa nahodha wangu. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini, akienda kila mahali na gitaa, maana ndiye aliyepigia kwaya ya parokia. Ulipozaliwa na kutimiza miezi mitatu tulikuchukua majini. Mama yako alikulaza kwenye mkeka katikati ya sakafu, na kati ya mbao palikuwa na nafasi ambapo maji yalionekana yakipita chini, ya kijani, kisha ya bluu, kisha meusi. Wewe ulilala kifudifudi ukiyatazama. Hukulia. Ulikuwa unayafuata kwa macho, ukitoa sauti ndogo ya kushangaa kila mwanga ulipopita. Bahati alizima mota akapiga gitaa kwa upole, upepo ukitusukuma kuelekea kaskazini, na milima ya upande wa pili ikiwa mbali kama moshi. Nikasema moyoni, basi, hapa ndipo nilipokuwa nakwenda. Mpaka leo nikiota, naota saa ile. Mara nyingine katika ndoto ile katamara iko hapa, katikati ya mafunjo ya Nakivale, nasi wote tumo, na hakuna anayeuliza tumefikaje.

Ulipokaribia kutimiza mwaka, niliona kwamba ule mti wa katikati unatoa majimaji ya kahawia. Nilichukua kisu, nikachoma. Kisu kikaingia mpaka kwenye mpini, kama kwenye ndizi iliyoiva.

Nilikaa pale chini ya sakafu kwa muda mrefu, kisu mkononi. Kubadilisha mti ule kulihitaji kuitenganisha mitumbwi yote miwili, fundi, mbao, na wiki tatu bila safari. Pesa ya kazi hiyo ndiyo ile iliyokuwa chini ya mkono wa mama yako. Kwenda kumwambia kwamba mti umeoza ilikuwa ni kumwambia kwamba nilimdanganya. Nikachanganya unga wa mbao na gundi, nikajaza shimo, nikapaka rangi ya bluu juu yake. Nilijiambia safari mbili tu, nipate pesa, kisha nitengeneze.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa na bidoni nyingi za wanawake wa soko na abiria tisa. Bahati alizunguka chombo kama kawaida yake, akainama chini, akashika mti. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, huu muti uko muzima?"

Nikamjibu, "Uko muzima."

Nataka uyaone maneno hayo mawili yalivyo mafupi, Sifa.

Upepo wa kusini ulitukuta mchana, mbele ya rasi. Haukuwa upepo mbaya sana. Wimbi moja liliinua mtumbwi wa kushoto, jingine likaushusha wa kulia, na nikausikia mti ukikatika. Haukutoa mlio mkubwa. Mitumbwi ikaanza kufunguka kwa mbele kama mkasi, na bidoni zikaanza kuteleza moja moja kuingia majini. Bahati alitambaa mpaka mbele na kamba akaanza kuifunga pamoja. Alifunga mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha wimbi likairudisha mitumbwi ikagongana, na mkono wake wa kushoto ulikuwa katikati.

Ile kamba ilishika. Wavuvi walituvuta hadi ufukweni na hakuna aliyekufa, nalo ni jambo ninalomshukuru Mungu kila siku ninapoamka. Mafuta ya wale wanawake yote yalipotea, na nilichukua miaka minne kuyarudisha. Bahati alipoteza vidole vitatu.

Unajua tulivyokusimulia. Kwamba mota ndiyo iliyomkata mjomba wako. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe siku ile hospitalini, mama yako alipoingia mbio na wewe mgongoni. Alisema, "Ni mota, dada." Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, na nikanyamaza. Sikuelewa kwa nini amesema hivyo, na sikuuliza. Gitaa lilikaa ukutani kwetu mwaka mzima, kisha akampa kijana mwingine wa kwaya. Baadaye ikaja vita, tukavuka ziwa kama watu wengine wote, tukapanda na Tanzania mpaka Kikagate mpakani, tukaingia hapa kambini. Ulikuwa na miaka minane. Kuna mambo niliyatupa njiani kwa sababu yalikuwa mazito, lakini hilo nilifika nalo.

Kwa hiyo Jumapili uliposoma ule mstari, nilimwona mjomba wako amekaa karibu yako, akishika simu yako kwa mkono ule, akitabasamu kwa mlingoti. Nisingeweza kukaa.

Jumatatu nilikwenda sokoni Rwekubo kwenye kibanda chake cha mashati ya mitumba. Nilimkuta anakunja nguo. Nilimwambia yote, kisu, gundi, rangi, fungu la tatu. Niliongea nikiwa nimesimama kama mtoto wa shule. Yeye aliendelea kukunja mpaka nilipomaliza, kisha akanivutia kiti.

"Shemeji, nilijua," akasema. "Ile asubuhi niligusa ule muti, rangi ikabakia ku kidole. Hakuna mutu anapaka rangi muti moja tu, kama miti yote iko mizima."

Nilimuuliza basi kwa nini alipanda.

Akaweka shati chini. "Na mimi nilitaka ikuwe nzima," akasema. "Nilikuwa naipenda ile mashua kukupita wewe."

Mteja akaja akauliza bei ya shati, Bahati akamjibu, mteja akaenda. Nikamuuliza kuhusu mota. Akasema mama yako alikuwa amesimama pale na mtoto mgongoni, na nyumba moja ilikuwa imekwisha kupoteza mashua siku hiyo, hakutaka ipoteze na baba. Kisha akasema nikwambie kabla hujaondoka. Aliniagiza chai, tukanywa, na nilipoinuka alinishika bega kwa mkono ule ule.

Nimemwambia mama yako pia, leo asubuhi. Sitakudanganya kwamba ilikwenda vizuri. Alisikiliza akichambua maharagwe, akauliza swali moja tu, kama Bahati alijua. Nikasema alijua. Akaingia ndani. Tangu hapo ameongea nami mambo ya kuni na ya maji tu. Ana haki. Labda ukipiga simu wiki ijayo atakuwa amerudi, labda bado. Huo ni mzigo wangu, usiubebe wewe.

Sasa, kuhusu mashua yako. Mimi sijui faiba. Wewe ndiye uliyefanya kazi ya matangi ya maji ya faiba kule Biharwe, na siku nilipokuja kukutembelea uliniambia nigonge tangi zima kwa kifundo cha kidole, kisha nigonge lenye ufa uliojificha. Nilisikia tofauti, mimi ambaye sijui kitu. Kwa hiyo sina la kukufundisha kuhusu chombo chenyewe. Ninachokijua ni mtu anayekitazama. Ninajua jinsi macho yanavyokataa kushuka chini wakati moyo umeshapanda. Ukifika, ukaikuta inaelea pale, nyeupe, na jua juu yake, utahisi kama inakungoja tangu ulipozaliwa. Ukihisi hivyo, siku hiyo usilipe. Nenda ukalale mahali, urudi kesho na Atuhaire, mwombe mwenyewe aitoe majini mbele yenu. Kama gharama ya kuitoa ni yenu, lipeni, hiyo haitapotea hata msipoinunua. Gongeni kote, hasa pale miili miwili inaposhikana. Zitazameni nyaya zinazoshikilia mlingoti, na mota ziwashwe zikiwa baridi. Akikataa, mshukuruni mwondoke. Akisema watu wengine wanaitaka leo leo, waache waichukue.

Na daftari lako, nakuomba ulifungue hapo hapo kwenye basi. Futa ule mstari wa matengenezo. Chukua theluthi moja ya pesa yenu yote, iandike hapo, kisha uone kilichobaki kinanunua nini. Labda mwenyewe atashusha bei. Labda hatashusha, nanyi mtahitaji kungoja mwaka mwingine, au kununua kitu kidogo zaidi. Najua mwaka ni mrefu ukiwa na miaka ishirini na minne.

La mwisho ni Atuhaire. Ameuza ng'ombe wa babu yake, na kwao Banyankore ng'ombe si pesa tu. Siku utakapokuta kitu kimeoza, na siku hiyo itakuja hata kwenye chombo kizuri, mwambie saa ile ile, kabla hujajua dawa yake, hata kama kosa ni lako, hata kama abiria wamekwisha kukaa. Atakasirika. Mwache akasirike. Mimi nilikwepa saa moja ya hasira ya mama yako, nami naipokea leo, imekua.

Giza linaingia. Nawasikia wanakwaya wakiimba kule chini, bila shaka wamekuzuia. Ukungu umefunika ziwa lote, sioni tena maji yanaanzia wapi. Acha nikufikirie umelala katika kitanda kile chenye dirisha la mviringo, kati ya kisiwa na kisiwa, maji yakipita chini yako, chombo kikiwa kizima pande zote mbili. Nakufikiria hivyo na nafurahi, Sifa. Nilipaswa kukwambia Jumapili kwamba nafurahi.

Basi nenda. Ukiipata ikiwa nzima, nipigie, hata kama niko shambani nitatupa jembe. Na ukiikuta imeoza ukarudi Mbarara mikono mitupu, pesa yako yote mfukoni na aibu usoni, nipigie vilevile. Nitapanda gari la kwanza, nitakusubiri kituoni nimevaa shati la Jumapili, na wote watakaoniona watadhani binti yangu amekuja na meli.

Baba yako